Mama ana wasichana wanne, mwalimu anasema wa tano ni mvulana kwa 31/32. Hii imekaaje?

#1 Mama Neema wa Kiluvya

Wakuu, salaam. Nina binti yuko kidato cha nne. Juzi usiku nilikuwa napitia daftari lake la hesabu nikakutana na swali hili (nalitafsiri, maana wao wanafundishwa kwa Kiingereza): "Mama amejifungua watoto wa kike wanne mfululizo. Tafuta uwezekano wa mtoto wa tano kuwa wa kiume."

Binti kaandika 1/2. Mwalimu kapiga X kubwa ya wino mwekundu, pembeni kaandika 1 − (1/2)^5 = 31/32, akapigia mistari miwili chini yake. Alama mbili zimekwenda.

Nilipomuuliza binti, akasema mwalimu aliwaeleza kwamba wasichana wameshatoka wengi, kwa hiyo zamu ya mvulana imekaribia. Mimi hesabu niliziacha hapo hapo kidato cha nne. Ila nimezaliwa wa sita kwenye nyumba ya wasichana saba. Marehemu baba aliingoja hiyo zamu mpaka mama akasema basi, na haikufika.

Naomba kujua nani yuko sahihi. Na kama ni mwalimu aliyekosea, naingiaje shuleni bila kumvunjia heshima?

#2 Ngoja Waje

Nakaa mkao wa kusoma. Wataalamu wa hesabu karibuni.

#3 Kalamu ya Risasi

Dada, binti yako yuko sahihi. Mwalimu kajibu swali jingine ambalo halikuulizwa.

31/32 ni jibu la swali hili: "Watu wamefunga ndoa leo, hawana mtoto. Wakizaa watano, kuna uwezekano gani wapate angalau mvulana mmoja?" Hapo unaandika mipangilio yote ya watoto watano, inakuwa 32. Mmoja tu ndio wa wasichana watupu. Iliyobaki, yaani 31, ina mvulana mahali fulani.

Lakini swali lilisema wanne wameshazaliwa na wote ni wasichana. Chukua ile karatasi ya mipangilio 32 na peni. Futa kila mstari ambao ndani ya wanne wa mwanzo kuna mvulana. Utafuta mistari 30. Inabaki miwili: KKKKK na KKKKM (K ni wa kike, M ni mvulana). Nusu kwa nusu.

Mwalimu kaibeba ile mistari 30 iliyokufa kana kwamba bado iko hai.

#4 Mchanja Mikeka

Mkuu #3, kwenye karatasi sawa. Lakini maisha yana wastani wake. Kitu hakiwezi kutoka upande mmoja milele. Timu ikitoka sare mechi tano, ya sita lazima ifunge au ifungwe. Mimi nabeti mwaka wa nne sasa, haya mambo nayaona kwa macho.

#5 Kijana wa Kisauni

Hapa kwetu barazani ni ludo kila jioni baada ya alasiri. Mtu akirusha dadu mara kumi bila sita, wenzake wote wanaanza kuogopa: "Huyu sasa anatoka, sita yake imeiva." Nami nilikuwa naamini hivyo. Nikaja kupiga hesabu: kurusha mara kumi bila sita hutokea kwa asilimia 16 hivi, yaani karibu mara moja kila raundi sita. Ni jambo la kawaida kabisa. Na mara ya kumi na moja ni moja kwa sita ileile.

#6 Kalamu ya Risasi

#4, wastani upo, ila haufiki kwa njia unayoidhani. Rusha sarafu mara kumi itoke kichwa mara nane. Umezidi kwa vichwa vitatu. Endelea mpaka mara elfu kumi. Hakuna atakayekuja kukurudishia vile vitatu, vinamezwa tu na wingi, kama kijiko cha chumvi kwenye pipa la maji. Watu wanadhani chumvi imeondolewa wakati imezimuliwa.

Na kama unataka mfano wa watu waliolia: kasino ya Monte Carlo kule Monaco, tarehe 18 Agosti 1913. Gurudumu la kamari lilitoa nyekundu mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumwaga hela kwenye nyeusi kila raundi, wakisema sasa basi, lazima igeuke. Walipoteza mamilioni ya faranga.

#7 Mzee wa Takwimu

Marekebisho madogo kwa #6: ilitoka nyeusi mara 26, wao wakawa wanaweka nyekundu. Mengine uko sawa.

Na jingine, 1/2 yenyewe si kamili. Duniani huzaliwa takriban wavulana 105 kwa kila wasichana 100. Kwa hiyo jibu la mtaani ni kama asilimia 51. Jibu la darasani linabaki 1/2 kwa sababu swali linachukulia kuwa pande zote ni sawa.

#8 Kalamu ya Risasi

Asante mzee, nyeusi. Nilichanganya.

#9 Mwl. Mstaafu Mtarajiwa

Nimefundisha hesabu sekondari miaka 22. Niseme jambo kwa niaba ya mwalimu huyo ambaye simjui.

Miaka yangu mitatu ya mwanzo nilifundisha kwamba matukio yasiyoweza kutokea pamoja ndiyo hayohayo matukio yasiyotegemeana. Niliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili. Ni kosa kubwa. Ukirusha dado mara moja, kutoka mbili na kutoka tano haviwezi kutokea pamoja, na kwa sababu hiyo vinategemeana sana: nikikwambia imetoka mbili, tano imeshakufa. Aliyenirekebisha ni mwanafunzi wa dawati la nyuma. Aliniuliza swali moja tu na sikuwa na jibu.

Nilikosea kwa sababu mada yenyewe nilifundishwa kwa kukariri fomula mbili, ya kujumlisha na ya kuzidisha, bila mtu kunionyesha inapotoka. Mwalimu akiliona neno "mfululizo" kwenye swali, mkono unakimbilia kuzidisha nusu mara tano. Mada yenyewe hupewa wiki moja na nusu mwishoni mwa mwaka, mitihani iko mlangoni.

Wala msidhani ni makosa ya watu wadogo. d'Alembert, Mfaransa, mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne ya 18, aliandika mwaka 1754 kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Ni 3/4. Na ndiye huyo huyo aliyetetea kwamba sarafu ikirudia upande mmoja muda mrefu, upande wa pili unakuwa na nafasi zaidi. Kabla yake Leibniz aliamini kwamba kwa dado mbili, jumla ya 12 ni rahisi kupatikana sawa na jumla ya 11. Wakati 11 ina njia mbili (5 na 6, au 6 na 5), na 12 ina moja tu.

#10 Mtoto wa Usagara

Shikamoo mwalimu. Ila kwa muhtasari tuliosomea sisi mada hii haikuwa ya mwisho. Baada yake kulikuwa na trigonometria, vekta, matriksi, ndipo inakuja ile ya kupanga vikwazo na kutafuta faida kubwa. Tatizo letu halikuwa muda, lilikuwa lugha. Mwanafunzi anayeshindwa kutofautisha "angalau mmoja" na "mmoja tu" kwa Kiswahili, unampa maneno hayohayo kwa Kiingereza ndani ya mtihani. Na lile neno dogo la "ikiwa imeshajulikana kwamba", ambalo ndilo linalofuta mistari 30 ya Kalamu, nusu ya darasa letu tulikuwa tunaliruka bila kuliona.

#11 Mwl. Mstaafu Mtarajiwa

Marahaba. Kwa mpangilio wa mada uko sahihi. Mimi nazungumzia jinsi tulivyokuwa tunaisogeza. Ikionekana ngumu, inapelekwa mwisho. Suala la lugha nakubali nusu, maana Waingereza wanafanya makosa hayahaya kwa lugha ya mama zao.

#12 Shangazi wa Ukerewe

Nimesoma kimya, naona mnazungumza sarafu na ludo. Niwaambie hili kosa linafanya nini ndani ya nyumba.

Mdogo wangu na mumewe wote wana chembe za sikoseli (ugonjwa wa damu wa kurithi), wenyewe hawaumwi. Mtoto wa kwanza alipogundulika anaumwa, kliniki walielezwa kwamba "katika watoto wanne, mmoja atakuwa na sikoseli." Basi. Hakuna aliyewaeleza zaidi. Shemeji akahesabu kwa vidole mbele yangu, tumekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yao: huyu ndiye mmoja, watatu wajao wazima. Alisema kwa furaha, kama mtu aliyemaliza deni.

Wa pili sikoseli. Wa tatu mzima. Wa nne sikoseli. Huyo wa nne tulimzika akiwa na miaka mitatu.

Nilikuwa simwelewi shemeji alivyokuwa analaumu kwamba walidanganywa. Leo nikisoma #3 ndiyo naelewa. Hakudanganywa. Aliambiwa namba sahihi akaisikia kama zamu.

#13 Mama Neema wa Kiluvya

Shangazi, pole sana. Mungu amrehemu mtoto. Nimeshindwa kuendelea kusoma kwa muda.

#14 Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole sana shangazi. Nafanya kazi wodi ya watoto na jambo hili nalikuta mara nyingi kuliko mnavyodhani, kwa pande zote mbili. Wapo wanaosema "tumeshapata wa kwetu, sasa tuko salama." Wapo wanaosema "watatu wazima, basi huyu wa nne ndiye mgonjwa", wakaishi miezi tisa kwa hofu.

Mimi siku hizi siwaambii "mmoja katika wanne". Nachukua vifuniko viwili vya chupa za dawa. Kila kimoja upande mmoja nimeandika A (urithi mzima), mwingine S (urithi wa sikoseli). Kifuniko hiki ni cha baba, hiki cha mama. Nawaambia warushe wenyewe. S na S zikitoka pamoja, mtoto anaumwa. Halafu naokota vifuniko nawapa tena: "Mimba ya pili, rusheni." Wengi wanaelewa pale pale wanapoviokota sakafuni. Mama mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo vinaanza upya?" Nikamwambia ndiyo, kila mimba vinaanza upya.

Kwa anayetaka hesabu: wazazi wote wawili wakiwa AS (kila mmoja ana A moja na S moja), wakizaa wanne, kupata mgonjwa mmoja, si zaidi wala pungufu, hutokea kwa asilimia 42 tu. Asilimia 32 hawapati hata mmoja. Asilimia 26 wanapata wawili au zaidi. Yaani ile "mmoja katika wanne" tunayoichora ubaoni kwa visanduku vinne, kwa familia nyingi haitokei hivyo.

#15 Mtoto wa Usagara

Visanduku vinne vya baiolojia! Kweli kabisa. Tulichora visanduku, mwalimu akasema "hawa ndio watoto wanne." Sio watoto wanne. Ni njia nne za mtoto mmoja.

#16 Mwl. Mstaafu Mtarajiwa

#15, hiyo sentensi yako ya mwisho kesho naiandika ubaoni.

#17 Mchanja Mikeka

Pole shangazi. Hayo ya uzazi nimekubali. Lakini mpira si sarafu, mpira una fomu, majeruhi, kocha. Mimi sichagui kwa zamu, nachagua timu za uhakika. Wiki iliyopita timu 12, zimetiki 11, moja ikanichania mkeka (tiketi yangu ya kubeti) dakika ya 88. Nilikuwa karibu kabisa.

#18 Mzee wa Takwimu

Mwanangu, tukae hapo kidogo.

Tuseme kweli unajua mpira, na kila timu unayoweka ina asilimia 70 ya kushinda. Zidisha 0.7 kwa yenyewe mara 12. Inatoka asilimia 1.4. Mkeka mmoja katika 72 hivi. Akili inaona "70, 70, 70" inasema uhakika, kumbe kuzidisha kunakula kimyakimya.

Sasa ile ya "imenichania moja tu". Uwezekano wa kupatia 11 kati ya 12 ni asilimia 7. Yaani kuchaniwa na timu moja kutakutokea mara tano kwa kila mara moja utakayoshinda. Hukuwa karibu. Ndiyo sura ya kawaida ya mkeka wa kushindwa, na ndiyo inayokurudisha dirishani wiki ijayo.

Na odi, yaani unacholipwa kwa kila shilingi ukishinda: timu yenye asilimia 70 wanakupa labda 1.35. Kwa timu moja kampuni inakata kidogo, karibu senti tano na nusu kwa kila shilingi. Ukizifunga 12 pamoja, yale makato nayo yanazidishana. Kwenye kila buku unayoweka, kwa wastani inarudi jero. Mkeka wenye timu nyingi ndio unaowapa faida kubwa.

#19 Mchanja Mikeka

Mzee hiyo ya mara tano sikuwahi kuisikia. Ngoja nikakague simu, mikeka yangu yote ipo.

#20 Wakili wa Mtaa

Uzi mzuri. Kosa la kuzidisha bila kuuliza kama vitu vinategemeana limewahi kumfunga mtu.

Uingereza, mwaka 1999. Mama anaitwa Sally Clark, yeye mwenyewe mwanasheria, alipoteza watoto wachanga wawili kwa nyakati tofauti. Akashtakiwa kuwaua. Daktari bingwa, Roy Meadow, akaiambia mahakama kwamba mtoto wa familia kama ile kufa ghafla usingizini ni mmoja katika 8,543. Kwa wawili akazidisha 8,543 kwa 8,543, akapata mmoja katika milioni 73. Baraza la waamuzi wa kesi likasikia milioni 73, mama akafungwa maisha.

Makosa ni mawili. La kwanza, watoto wa tumbo moja, nyumba moja, damu moja, huwezi kuzidisha kana kwamba ni watu wasiojuana. Kama kuna kitu kwenye damu kilichomuua wa kwanza, wa pili naye yuko hatarini. La pili ni baya zaidi: milioni 73 ilichukuliwa kama nafasi ya mama kuwa hana hatia. Hapana. Kuua watoto wawili nako ni jambo la nadra mno. Ilitakiwa kupima nadra kwa nadra. Chama cha Kifalme cha Takwimu kilitoa tamko la kupinga hesabu hiyo mwaka 2001. Mama akaachiwa mwaka 2003 kwa sababu ya hesabu hiyo mbovu. Alifariki mwaka 2007.

#21 Bi Mwanahamisi

Wakili, habari ya huyo mama naifahamu, niliifuatilia nikiwa naishi kulekule. Rekebisha kidogo: kilichomtoa hasa kwenye rufaa ya pili ni majibu ya maabara ya mtoto wa pili, yalikuwa yanaonyesha bakteria na upande wa utetezi haukupewa. Mahakama ya rufaa iligusia pia kwamba hesabu ile peke yake ingeweza kutosha kuibatilisha hukumu. Lakini msingi ulikuwa maabara.

Na kuhusu mada. Ninyi mnasema lugha, mara walimu, mara muda. Mimi naona ni hili neno zamu. Tumelelewa kwa zamu. Zamu ya kuteka maji, zamu ya kupika, mchezo wa upatu, mwezi huu wako, mwezi ujao wangu. Kwenye upatu, ukishaona wenzako wanne wamepokea, kweli yako imekaribia. Mtu aliyeishi hivyo maisha yake yote, mwambie sarafu haina upatu, hakuelewi mara moja. Mtoto anatoka kwa Mungu, na Mungu hapangi foleni.

#22 Wakili wa Mtaa

Asante bibi, nimepokea. Nilikosea kwenye sababu ya kuachiwa.

#23 Kijana wa Kisauni

Bi Mwanahamisi, hilo la upatu limenigusa. Lakini wacheza kamari wa Monte Carlo nao walikuwa na upatu?

#24 Fundi Mizani

Naomba nisimame upande ambao hakuna aliyesimama. Mnasema wasichana wanne hawatuambii lolote kuhusu wa tano. Hiyo ni kweli tu kama una uhakika sarafu ni nzima. Ukirusha sarafu usiyoijua ikatoka kichwa mara 20, mimi sisemi nusu kwa nusu. Nasema nionyeshe hiyo sarafu, huenda ina vichwa viwili.

Kwa hiyo kama yaliyopita yanatufundisha kitu, yanatusukuma upande wa pili kabisa na alikosukumwa mwalimu: huenda nyumba ile ina mwelekeo wa wasichana, na wa tano ni msichana kidogo zaidi. Kwenye upimaji wangu wa mizani ya sokoni ndivyo nafanya. Mizani ikikosea mara nne kwa upande mmoja, sisubiri ikosee upande wa pili ili isawazishe. Naifungua.

#25 Mzee wa Takwimu

Fundi, hoja nzito. Kwa wasichana wanne ushahidi ni mdogo mno, kwa sababu tunajua mengi kuhusu uzazi wa binadamu kwa ujumla. Kwa sarafu ya mtu wa mtaani usiyemjua, mara 20 nami naifungua.

Wasomi wenyewe waliteleza hapa. Mwaka 1985 Gilovich, Vallone na Tversky walichunguza wachezaji wa mpira wa kikapu, wakasema ule "mkono wa moto" haupo, mchezaji akifunga mara tatu haongezi nafasi ya kufunga ya nne. Miaka zaidi ya thelathini vyuo vimefundisha hivyo. Mwaka 2018 Miller na Sanjurjo wakaonyesha kosa kwenye njia ya kuhesabu. Jaribuni wenyewe: andikeni mipangilio yote minane ya kurusha sarafu mara tatu. Kwa kila mpangilio, angalia kila kichwa kinachofuatiwa na mrusho mwingine, uone ni sehemu gani ilifuatiwa na kichwa. Halafu chukua wastani wa mipangilio (miwili haihesabiki, haina kichwa cha kufuatiwa). Haitoki nusu. Inatoka 5/12. Kwa hiyo mchezaji aliyeonekana nusu kwa nusu kwa hesabu ile, kumbe mkono wake ulikuwa na moto kidogo.

#26 Kalamu ya Risasi

Nimekaa nayo robo saa. Ni kweli, 5/12. Nilikuwa nimeshaandika kukupinga, nimefuta.

#27 Nesi wa Zamu ya Usiku

Kwa wasomi kuteleza, nasi wa afya tusijitoe. Mwaka 1978 watafiti waliwauliza madaktari na wanafunzi wa udaktari 60 wa hospitali za Harvard: ugonjwa uko kwa mtu mmoja katika 1,000, kipimo kinawasingizia wazima kwa asilimia 5, mtu kapima kakutwa chanya, ana uwezekano gani kweli anaumwa? Waliopatia ni 11. Karibu nusu yao walijibu asilimia 95.

Chukua watu, achana na asilimia. Watu 1,000. Mmoja anaumwa, kipimo kinamkamata. Wazima 999, kinawasingizia kama 50. Chanya jumla 51, mgonjwa wa kweli mmoja. Ni asilimia 2. Ndiyo maana jibu chanya la kipimo cha kwanza cha VVU linahakikiwa kwa kipimo kingine kabla mtu hajaambiwa lolote.

#28 Ngoja Waje

Mama Neema, shule vipi? Uliingia?

#29 Mama Neema wa Kiluvya

Nimeingia leo asubuhi. Kwanza jana usiku mimi na binti tulifanya jambo. Tulichukua sarafu ya jero, upande mmoja Karume, upande wa pili nyati. Yeye anarusha mezani, mimi naandika K na N kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda. Tulirusha mara 200. Kila palipotokea Karume nne mfululizo nilikuwa nazungushia duara kilichofuata. Maduara yalikuwa 11. Karume sita, nyati watano. Ile ya duara la tatu binti alikuwa ameshikilia meza, anasema "nyati, nyati, nyati". Ikatoka Karume.

Nilikwenda na karatasi hiyo. Mwalimu ni kijana, ana adabu. Sikumwambia amekosea. Nilimwomba anisaidie kuisoma. Aliitazama muda mrefu, akachukua daftari la binti, akasoma swali upya kwa sauti ya chini, alipofika kwenye "mfululizo" akanyamaza. Akasema, "Mama, nilijibu la angalau mmoja." Alama mbili amerudisha. Lakini lile la zamu hajalikubali. Ameniambia maduara 11 ni machache.

#30 Mzee wa Takwimu

Hapo mwalimu ana haki, 11 ni machache mno. Angetoka nyati mara nane bado isingethibitisha kitu. Akiwa na darasa la wanafunzi 48, kila mmoja arushe mara 50. Atapata maduara kama 140. Ila amwambie kila mtu alete idadi zake, zijumlishwe zote pamoja. Asichukue sehemu ya kila mwanafunzi akatafuta wastani wake, ataangukia kwenye mtego ule wa 5/12 na kudhani zamu ipo kweli.

#31 Shangazi wa Ukerewe

Nimemtumia shemeji picha ya ujumbe wa nesi, ule wa vifuniko. Amenipigia. Ana binti wa kwanza, sasa ana miaka 19, yuko na mchumba. Ameuliza huyo kijana apimwe wapi.

#32 Nesi wa Zamu ya Usiku

Shangazi, aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, aulize maabara kipimo cha sikoseli kinachoonyesha kama ni AA, AS au SS. Hicho cha haraka kinachosema "hana ugonjwa" peke yake hakitoshi, maana AS haumwi. Nimekufuata pembeni tuongee vizuri.

#33 Mchanja Mikeka

Nimerudi. Nimehesabu mikeka yangu ya kuanzia Januari, 94. Iliyotiki 2. Iliyochanwa na timu moja tu, 9. Mzee, sijui niseme nini.

#34 Mtoto wa Usagara

Wakuu, kabla uzi haujapoa. Jirani mpya ana watoto wawili. Najua mmoja ni wa kiume. Uwezekano wa wote wawili kuwa wa kiume?

#35 Kijana wa Kisauni

Nusu. Tumeshasema vinaanza upya.

#36 Kalamu ya Risasi

1/3. Mipangilio minne, futa KK, inabaki mitatu.

#37 Fundi Mizani

Umejuaje kama mmoja ni wa kiume? Ulimwuliza jirani, au umemwona mtoto mmoja tu getini?

#38 Mtoto wa Usagara

Nimemwona getini. Inabadilisha kitu?